Usiniletee Kichwa, Niletee Swali

"CT, nimeleta suje."

Ndivyo wanavyoanza wote. Hapa Kalemie mwalimu wa chuo mwenye cheo cha chef de travaux anaitwa CT hata na watoto wa jirani, na suje ni kichwa cha kazi ya mwisho wa masomo. Kijana aliyesimama mlangoni siku ile alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Niliikunjua. Ilikuwa ya Kifaransa, na kwa Kiswahili ingesomeka hivi: "Uchambuzi wa mchango wa uvuvi mdogo katika maendeleo ya kijamii na kiuchumi ya wakazi wa mji wa Kalemie, kuanzia mwaka 2015 hadi 2024: matatizo na matarajio."

Nikamuuliza: "Unataka kujua nini?"

Akaitazama karatasi. "Mchango, CT."

"Mchango gani? Wa nani, kwa nani?"

Kimya. Nikaiweka karatasi kando, nikamuuliza habari za nyumbani. Kumbe mama yake anauza ndakala, wale samaki wadogo ambao ng'ambo ya ziwa, Kigoma, wanaitwa dagaa. Hapo ulimi ukafunguka. Akanieleza mama anavyoamka usiku kuwahi mitumbwi inayorudi, anavyopatana bei ya beseni gizani, anavyoanika mchangani na kuomba mvua isinyeshe. Mwisho akasema, kama mtu anayetaja jambo lisilo na uzito: "Ila mwezi ukiwa mkubwa hakuna kazi, CT. Taa haivuti samaki, wavuvi hawaingii ziwani. Siku zile mama anakopa."

Nikamwambia arudie sentensi hiyo ya mwisho, na aiandike. Aliingia na mistari mitatu ya Kifaransa, akatoka na swali moja: familia za wachuuzi wa ndakala zinaishije siku za mbalamwezi?

Tunalaumu mambo mengi kwa udhaifu wa kazi za wanafunzi wetu: vitabu hakuna, umeme unakatika, mega za intaneti ni ghali, msimamizi ana wanafunzi wengi kupita kiasi. Yote ni kweli. Lakini kazi nyingi huharibika kabla hayo hayajawa tatizo, siku ile ile ya kwanza, kwa sababu mwanafunzi ameanza na kichwa badala ya swali. Na sisi walimu tumemfundisha hivyo. Tunamtaka alete suje, isajiliwe, ipigwe muhuri, ndipo akafanye utafiti. Akishapigiwa muhuri anakuwa mfungwa wa maneno aliyoyaokota mahali. Anakwenda duka la fotokopi, anatafuta kazi ya mji mwingine yenye kichwa kinachofanana, anabadilisha jina la mji. Niliwahi kusoma kazi moja iliyohusu Kalemie tangu jalada hadi ukurasa wa thelathini, ambapo ghafla wakazi wetu walianza kuvua katika Ziwa Kivu.

Kichwa kinataja eneo, swali linataja pengo. Mwenye kichwa cha "uvuvi na maendeleo" hana sababu ya kukataa chochote: historia ya mji, ramani ya mkoa, orodha ya samaki, hotuba za viongozi, vyote vinaingia, na kurasa zinajaa. Mwenye swali la siku za mbalamwezi hana budi kuacha karibu vyote hivyo nje. Ndiyo maana napima ubora wa swali kwa wingi wa vitu linavyovikataa.

Anayedhani swali dogo haliwezi kuzaa jambo kubwa aende darajani akautazame mto Lukuga.

Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858, na tangu hapo wasafiri wa Ulaya waligombana juu ya jambo moja: maji ya Ziwa Tanganyika yanakwenda wapi? Wengine walidhani yanatoka kwa mto Rusizi, kaskazini. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi hadi huko, wakaona kwa macho kwamba Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Jibu hilo halikumaliza kazi, lilizaa swali jipya: kama mito yote inaingia, upi unatoka? Mei 1874 Cameron alifika kwenye mdomo wa Lukuga, hapa hapa tunapoishi, akasema mto ndio huu, ingawa umezibwa na majani. Mwaka 1876 Stanley akaja, akapima, akabisha. Kwa maoni yake hakukuwa na mkondo wa kweli, maji yalisukumwa na upepo tu, na mto ungetoka siku ziwa likishapanda zaidi. Mwaka 1879 mmisionari Hore akakuta maji yanatoka kwa nguvu kuelekea magharibi, na Thomson aliyemfuata akathibitisha.

Nani alisema uongo? Hakuna. Ziwa lilikuwa likipanda miaka hiyo yote, na mdomo wa mto ulikuwa umezibwa kwa matope na mimea. Karibu na mwaka 1878 maji yalivunja kizuizi, na miaka iliyofuata ziwa lilishuka kwa mita kadhaa. Kila mmoja alikuwa ameeleza mto wa siku yake.

Hadithi hii nawapa wanafunzi wangu wiki ya kwanza, kwa sababu ndani yake mna nusu ya somo la mbinu za utafiti. Swali lilikuwa fupi, hata mtoto angeliuliza. Kila jibu lilisimama juu ya jibu la aliyetangulia, hata lilipompinga. Na waandishi wawili wakigongana, kabla hujachagua upande, tazama kwanza tarehe: huenda kilichobadilika ni kitu chenyewe walichokitazama. Tena swali hilo halijazeeka. Mwaka 2020 na 2021, na tena mwaka 2024, ziwa lilipanda likaingia majumbani mwa watu wa Kalemie, na mjini watu wakarudi kuulizana: Lukuga inatoa maji kiasi gani, na nini kinaiziba? Baada ya miaka 150, mwanafunzi wa jiografia anayetafuta suje bado anaipita kila siku akienda darasani.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Ukishapata swali, lipitishe kwenye jaribio ninaloliita jaribio la miguu. Jibu lako linakaa wapi, na miguu yako inaweza kufika huko mara ngapi? Swali la lithiamu ya Manono ni zuri, lakini ukiwa Kalemie bila nauli, utaishia kuandika yale waliyoandika wengine kuhusu Manono. Swali la mbalamwezi linahitaji nyumba ishirini za mtaa mmoja, ziara za jioni, na miezi miwili ya angani ili uone giza na mwanga mara mbili. Hilo linawezekana. Tangu vyuo vya Kongo vianze kuingia mfumo wa LMD (licence, master, doctorat) mwaka wa masomo 2021-2022, muda wa mwanafunzi umezidi kubana. Swali lisilofikika kwa miguu litakula muhula mzima kwa kusubiri gari.

Majibu hukaa sehemu tatu: kwenye karatasi za watu waliotangulia, kwenye takwimu ambazo mtu mwingine ameshaziandika, na vinywani mwa watu. Anza na karatasi, lakini usianze na nyingi. Tatu zinatosha kwa wiki ya kwanza.

Kwa kijana wangu, mojawapo ilikuwa makala ya Catherine O'Reilly na wenzake iliyotoka katika jarida la Nature mwaka 2003. Alikuja na imani kwamba ndakala wanapungua kwa sababu wavuvi wamezidi, basi. Makala ile ilimwonyesha njia nyingine: maji ya juu yakipata joto na upepo ukipungua, ziwa halichanganyiki vizuri, na rutuba inabaki chini, katika kina kinachofikia mita 1,470. Chakula cha samaki kinapungua. Watafiti hao walikadiria kwamba uzalishaji wa ziwa umeshuka kwa asilimia 20 hivi, na kwamba mavuno ya samaki yangeweza kushuka kwa asilimia 30. Hakulazimika kuikubali. Alilazimika tu kujua kwamba "wavuvi wamezidi" si jibu pekee, na kwa hiyo hawezi kuliweka katika utangulizi kana kwamba limeshathibitishwa.

Namna ya kusoma nayo ina njia yake. Soma muhtasari, ruka uende hitimisho, kisha tazama majedwali. Ukiona inakuhusu, ndipo uisome yote. Halafu usiifunge kabla ya kupitia orodha ya marejeo mwishoni, maana ile ni ramani: mwandishi mmoja anakupeleka kwa wengine kumi bila gharama ya mega. Majarida mengi ya zamani ya Kifaransa yanapatikana bure kwenye tovuti ya Persée, na Google Scholar itakuonyesha makala ipi ina nakala ya bure. Pakua unapopata mtandao, soma ukiwa gizani. Kila faili lipe jina la mwandishi na mwaka, na kila unaponukuu andika ukurasa papo hapo. Nimeona watu wazima karibu kulia usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha kazi kwa sababu ya ukurasa mmoja waliousahau miezi sita nyuma.

Takwimu zilizokwisha kuandikwa ndizo tunazozidharau kuliko zote. Mwaka 2008 Didier Bompangue, Mkongomani, na wenzake walichapisha utafiti wa kipindupindu katika mikoa ya Katanga na Kasai ya Mashariki. Walichukua ripoti za kila wiki za zoni za afya, za mwaka 2000 hadi 2005, wakaziweka kwenye ramani na kwenye kalenda. Zoni zinazopakana na maziwa zikaonekana kuwa na hatari kubwa zaidi, na wagonjwa wakaongezeka majira ya mvua. Mtu wa Kalemie atasema hilo analijua. Ndiyo, lakini kulijua ni jambo moja na kulionyesha ni jingine. Na ripoti zile zilikuwa tayari ofisini, zikingoja mtu mwenye swali. Daftari la shule, la zahanati, la bandari, la mizigo ya treni, la chama cha wavuvi: yote ni ziwa ambalo halijavuliwa.

Watu ndio wenye jibu kubwa, na ndio wagumu. Chukua kisa cha chifu Lusinga wa Watabwa. Desemba 1884 watu wa Émile Storms, ofisa Mbelgiji aliyejenga kituo Mpala, kusini mwa mji wetu, walimvamia na kumuua, na kichwa chake kikachukuliwa hadi Ubelgiji. Anayesoma daftari la Storms peke yake anapata ushindi wa ofisa. Mwanaanthropolojia Allen Roberts, aliyeishi na Watabwa miaka ya 1970, alisikiliza pia masimulizi ya wazee, akayaweka pembeni ya maandishi ya ofisa. Kitabu chake cha mwaka 2013 kimejengwa juu ya nafasi iliyopo kati ya sauti hizo mbili. Pale wanapohitilafiana ndipo kazi ya mtafiti inapoanzia.

Hapa Kalemie kuna jambo moja zaidi. Kwa miaka mingi watu wa mkoa huu wamekimbia vita na kuandikishwa kambini, na mtu mwenye kalamu na daftari amekuwa dalili ya msaada. Ukiingia uani mwa mtu ukaanza kuuliza anakula mara ngapi kwa siku, atakujibu kama anayejiandikisha kupokea unga. Hajakudanganya, amejibu swali alilodhani umeuliza. Kwa hiyo fika kwanza kwa chifu wa mtaa na barua ya chuo. Salimia, kaa, na sentensi yako ya kwanza iwe: "Mama, mimi ni mwanafunzi, sina msaada ninaoleta, na ukikataa kujibu hakuna ubaya." Jina lake usiliandike. Deni la mama wa watu si mali ya maktaba.

Kisha kuna suala la lugha. Kazi tunaandika kwa Kifaransa, na hilo halibadiliki kesho. Lakini swali lizaliwe kwa Kiswahili. Nawaambia wanafunzi: swali usiloweza kumuuliza mama muuza ndakala akalielewa mara moja, bado halijaiva hata kwa Kifaransa. "Mchango wa kijamii na kiuchumi" hauulizwi ufukweni. "Siku za mwezi mkubwa mnakula nini, na nani anawakopesha?" linaulizwa. Tena tuna babu katika kazi hii. Stefano Kaoze, mtoto wa milima ya Marungu, alichapisha mwaka 1910 na 1911, akiwa bado seminari, insha ya Kifaransa juu ya fikra za Wabantu. Mwaka 1917 akawa padri wa kwanza Mkongomani wa zama hizi. Kijana huyo wa mkoa wetu hakwenda mbali kutafuta suje. Aliandika juu ya watu aliokulia kati yao, kwa lugha aliyojifunza darasani.

Wenzangu wananipinga, na wana hoja. Wanasema swali dogo litadharauliwa na jopo, na kwamba hadithi ya madeni ya wachuuzi ni umbea wa sokoni. Kweli, swali dogo lililoachwa peke yake ni umbea. Lazima lifungwe kamba kwenye jambo kubwa. Kwa kijana wangu kamba hiyo ipo. Nchi za ziwa hili zimeanza kufunga uvuvi kwa miezi mitatu ili samaki wapumzike, kama Tanzania ilivyofanya kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Kama siku chache za mbalamwezi zinaiingiza familia kwenye deni, je, miezi mitatu? Sasa jopo litanyamaza, maana mwanafunzi ana kipimo ambacho ofisi nyingi hazina.

Wengine wanasema: siku hizi simu ina programu za akili bandia, zitampa kila kitu. Zitampa kichwa, tena kizuri, kwa sekunde moja. Ndicho kitu rahisi kuliko vyote kupatikana. Zitampa hata marejeo ya vitabu ambavyo havijawahi kuandikwa, na asiyekagua moja moja ataaibika mbele ya jopo. Kile ambacho hazitampa ni sentensi ile aliyoisema akiwa hajui ameisema.

Kabla ya kukimbilia mpangilio wa sura, andika ukurasa mmoja. Juu kabisa, swali, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Chini yake, nani atafaidika na jibu. Halafu waandishi watatu wamesema nini na wameacha nini. Halafu jibu linakaa wapi na utalifikiaje. Halafu nadharia tete, yaani jibu lako la muda, na hapa naomba uangalifu. Kazi zetu zimejaa nadharia tete za "ingekuwa": uvuvi ungekuwa na mchango mkubwa, umaskini ungekuwa chanzo. Hizo haziwezi kushindwa, kwa hiyo hazifai. Andika inayoweza kukuumbua: "Siku za mbalamwezi familia nyingi zinaishi kwa mkopo wa wanunuzi wakubwa, na zinalipa kwa ndakala wa bei ya chini." Ukienda ukakuta wanaishi kwa mihogo ya shambani, umekosea, na umejifunza. Mwisho wa ukurasa, mambo mawili utakayoyafanya wiki hii, yenye siku na saa.

Kijana alirudi baada ya wiki tatu. Alikuwa ametembelea nyumba sita, na swali lake lilikuwa limehama. Si wote wanaokopa. Baadhi ya akina mama huweka fedha za siku za giza kwenye likelemba, yaani kikundi cha kuchangishana fedha, na kupanga zamu ya kupokea iangukie mwezi mkubwa. Sasa anataka kujua kwa nini wengine wanaweza na wengine hawawezi. Hilo ni swali bora kuliko nililomsaidia kulipata, na amelipata mwenyewe. Kichwa bado hana. Tutakiandika mwishoni, wakati tutakuwa tunajua kazi inahusu nini.

Wenzangu walimu, tusipige muhuri kichwa ambacho hatujaliona swali lake. Na wewe mwanafunzi unayesoma haya bila suje, usije kwangu kesho. Nenda kwanza ufukweni mitumbwi ikirudi, au kwenye daftari la zahanati ya mtaa wenu, au kaa na mama yako jioni moja umsikilize bila kumkatiza. Njoo Jumatatu na ukurasa mmoja. Mlango uko wazi.